Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu Anaposoma Akiwa Nyumbani: Kazi ya Mzazi ni Ipi Hasa?

Katikati ya Machi 2020, katika muda wa siku chache tu, shule za Kenya na za Tanzania zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19. Tanzania ilizifungua zote mwishoni mwa Juni mwaka huohuo. Kenya iliwarudisha wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 tarehe 12 Oktoba, na waliobaki wakasubiri hadi 4 Januari 2021. Uganda haikuzifungua shule zake zote kikamilifu hadi Januari 2022. Katika kipindi hicho Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilirusha vipindi vya masomo kupitia redio za KBC, shirika la utangazaji la taifa, na televisheni, ikaweka vitabu na video katika maktaba yake ya mtandaoni, na Tanzania nayo ikatumia redio na televisheni kuwafuata wanafunzi majumbani. Kazi hiyo ilifanywa kwa haraka na kwa nia njema, na watoto wengi walinufaika nayo. Hata hivyo, ilisimama juu ya dhana moja ambayo haikutamkwa: kwamba mtoto huenda shuleni kufuata somo, na kwa hiyo somo likifikishwa sebuleni, shule nayo imefika.

Kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu dhana hiyo si sahihi, na mkanganyiko mwingi unaowasumbua wazazi unaanzia hapo. Mtoto kiziwi anayesoma katika shule ya bweni hapati somo peke yake; anapata watu wanaozungumza lugha yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anapata kiti kilichotengenezwa kwa kipimo cha mwili wake na mtu anayejua namna ya kumnyoosha viungo. Mtoto mwenye usonji anapata siku ambayo haibadiliki, yenye kengele ileile na mahali palepale pa kukaa. Shule inapofungwa, kinachosafiri kwa simu au kwa redio ni somo tu, nacho ndicho sehemu ndogo kuliko zote. Kwa sababu hiyo mzazi anayejiuliza, "Nitamfundishaje mtoto huyu wakati mimi si mwalimu?" anajiuliza swali lisilo lake. Swali linalomhusu ni hili: kati ya somo na mtoto wangu kuna kitu gani kilichokuwa kikitolewa na shule, ambacho sasa hakipo, na ni sehemu gani ya kitu hicho inayoweza kupatikana hapa nyumbani?

Jibu linategemea aina ya hitaji. Ushauri wa jumla unaosambazwa kila mara shule zinapofungwa, kwamba mzazi amtengee mtoto mahali patulivu, amnunulie bando na amsimamie, haumdhuru mtu lakini haumsaidii mtu sana. Mahali patulivu panamfaa mtoto asiyeona anayesikiliza sauti, ilhali mtoto kiziwi anahitaji kwanza mwanga. Na suala hili halikuisha pamoja na janga lile. Mwaka 2024 mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili nchini Kenya, na kila mwaka wapo watoto wanaokaa nyumbani kwa miezi kwa sababu ya upasuaji, kifafa kisichotulia au umbali wa shule yenye mwalimu anayewafaa.

Tuanze na watoto viziwi, kwa sababu kwao pengo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Walio wengi sana huzaliwa na wazazi wanaosikia ambao hawajawahi kukutana na lugha ya ishara, au lugha ya alama kama inavyoitwa Tanzania, kabla ya mtoto huyo kuzaliwa. Mtoto anapopelekwa bweni, lugha anaipata kwa wenzake na kwa walimu. Anaporudi nyumbani likizoni anakuta ishara chache zilizobuniwa na familia: kula, lala, njoo, hapana. Kwa likizo ya wiki tatu familia humudu hivyo hivyo. Kwa miezi tisa mtoto anakaa katika nyumba yenye watu wengi bila mtu wa kuzungumza naye, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya hesabu au sayansi alizozikosa, kwa kuwa akili ya mtoto hukua kwa kuuliza na kujibiwa.

Televisheni haikuziba pengo hilo. Sheria ya Kenya ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilivitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi katika taarifa za habari na vipindi vya elimu, na sharti hilo lilikuwa la haki kabisa. Lakini mkalimani anayeonekana kwenye kona ya skrini hawezi kuulizwa swali, na maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha humfaa tu aliyekwisha kuimudu lugha hiyo kwa kusoma, ambayo kwa mtoto kiziwi ni lugha ya pili au ya tatu asiyoweza kuisikia popote.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzazi wa mtoto kiziwi ni kujifunza lugha, na mtoto mwenyewe anaweza kuwa mwalimu wake. Ni vizuri kuanza na vitenzi na maneno ya kuuliza, yaani nani, wapi, lini, kwa nini, kabla ya orodha ndefu ya majina ya wanyama na matunda, kwa sababu maswali ndiyo yanayozaa mazungumzo. Uso nao ni sehemu ya sarufi: kuinua au kukunja nyusi kunaweza kutofautisha swali na taarifa, kwa hiyo mzazi anayetumia mikono huku uso wake umetulia hueleweka nusu. Ndugu wa mtoto, shangazi na babu wajifunze pia, maana lugha inayojulikana na mama peke yake humfanya mama kuwa mkalimani wa nyumba nzima, naye atachoka. Palipo na mtu mzima kiziwi mtaani, msikitini au kanisani, akaribishwe nyumbani. Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA, na chama cha kitaifa cha viziwi cha Kenya vinaweza kuielekeza familia isiyomjua yeyote.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wazazi wanaosikia hawalitambui mpaka waelezwe. Mtoto anayesikia anaweza kutazama kitabu huku akimsikiliza mama anayekieleza. Mtoto kiziwi hawezi, kwa sababu macho yake hufanya kazi zote mbili. Mzazi anayeonyesha picha kwa kidole huku akiendelea kueleza kwa mkono wa pili anamlazimisha mtoto kuchagua kimoja na kukikosa kingine. Namna inayofaa ni kuonyesha, kusubiri mtoto atazame hadi aridhike na kuinua macho, ndipo maelezo yaanze. Anayeeleza akae mwanga ukimpiga usoni, asiliache dirisha likawa nyuma yake, kwani uso wenye kivuli hausomeki. Na kuhusu madarasa ya moja kwa moja kwa njia ya video, uzoefu wa mtandao wetu unatosha kutuongoza: mawimbi yanapodhoofika sauti hukwaruza lakini husikika, ilhali picha ya mikono hukatika na ishara ikapotea kabisa. Video fupi iliyorekodiwa na mwalimu mbele ya ukuta usio na mapambo, ikatumwa kwa WhatsApp, ikatazamwa mara tatu na kujibiwa kwa video nyingine, humfaa mtoto kiziwi kuliko saa nzima ya darasa linalokatika.

Kwa mtoto asiyeona mambo ni kinyume kwa namna fulani. Redio humfikia vizuri, wakati mwingine vizuri kuliko inavyowafikia wenzake, mpaka somo linapogeuka hesabu au jiografia na mwalimu anaposema, "Mkichukua hii mkaijumlisha na hii hapa." Mzazi aliyekaa karibu anaweza kuwa macho yake kwa kutaja vitu kwa majina, pande na idadi, na kuyaacha maneno kama "hapa", "pale" na "hiki" ambayo hayambebei maana yoyote mtoto huyo. Mchoro wa pembetatu au ramani ya Ziwa Viktoria unaweza kutengenezwa kwa uzi uliogandishwa kwa gundi juu ya karatasi ngumu, na chembe za mchele zikaonyesha ziwa lilipo.

Mwanafunzi mkubwa asiyeona anayetumia simu ana kikwazo ambacho husababishwa na walimu bila wao kujua. Simu nyingi za Android zina programu ya TalkBack inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, na kwa kompyuta ya Windows ipo NVDA ambayo haitozwi fedha. Programu hizi husoma maandishi. Mwalimu anapoupiga picha ukurasa wa kitabu na kuutuma kwenye kundi la darasa, wazazi wengine wanaona ukurasa, lakini programu mara nyingi inaona picha na hukaa kimya au hutamka jina la faili tu. Mzazi aombe, kwa adabu lakini bila kuona haya, maswali yaandikwe kama ujumbe wa kawaida au yasomwe kwa sauti na kurekodiwa. Kwa mwalimu ni kazi ya dakika chache, na pasipo kazi hiyo mtoto hana somo.

Nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kupapaswa, zinawatisha wazazi wanaoona, nazo hazistahili kuogopwa. Kila herufi hukaa ndani ya nafasi ya nukta sita, tatu kushoto na tatu kulia. Herufi kumi za kwanza, kuanzia a hadi j, hutumia nukta nne za juu peke yake; kumi zinazofuata, k hadi t, hurudia maumbo yaleyale kwa kuongeza nukta ya chini kushoto; na zilizobaki huongeza nukta zote mbili za chini, isipokuwa w, iliyoingizwa baadaye kwa sababu Louis Braille, Mfaransa aliyeuchapisha mfumo huu mwaka 1829, hakuihitaji kwa lugha yake. Mzazi akishazijua herufi kumi za kwanza amekwisha kupata msingi wa zote, na hana haja ya kuzisoma kwa vidole kama mwanawe, maana anaweza kuzitazama. Mashine ya kuandikia nukta nundu ni ghali na mara nyingi hubaki shuleni, hivyo kabla ya kufunga shule mzazi aulize kama mtoto anaweza kuazimwa kibao chenye matundu na kalamu ya kutobolea. Akumbuke tu kwamba kwa kibao mtoto huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa nukta hutobolewa kwa nyuma ya karatasi. Anayeona hivyo asidhani mtoto amekosea.

Watoto wenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino, husahauliwa kwa sababu wanaona kiasi. Wanahitaji maandishi makubwa yaliyokolea, kalamu ya wino mweusi mnene na mwanga unaotoka ubavuni usiorudi machoni. Wasikemewe kwa kuisogeza simu karibu na pua. Hivyo ndivyo wanavyosoma.

Kuhusu ulemavu wa viungo nitasema kwa ufupi, kwa sababu kanuni yenyewe ni fupi: mkao hutangulia somo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayetumia nguvu zake zote kujizuia asianguke hana nguvu iliyobaki ya kufikiri. Nyonga zikae nyuma kabisa ya kiti, magoti yakunjike sawasawa, nyayo ziguse kitu kigumu, na kitabu au simu iinuliwe mbele ya macho. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti hicho akipewa vipimo na mtaalamu wa fiziotherapia, na kuna mbinu iliyoanzia Zimbabwe ya kutengeneza viti na meza imara kwa maboksi na karatasi chakavu zilizogandishwa kwa uji wa unga, ambayo imewafaa watoto wengi Afrika. Mtoto asiyeweza kutamka apewe njia ya kujibu, iwe kwa kutazama moja ya picha mbili au kwa kufumba macho kumaanisha ndiyo, na mzazi ajizoeze kusubiri jibu hilo muda mrefu kuliko anavyodhani unatosha.

Sasa tuje kwa watoto wenye usonji na wale wenye ulemavu wa akili, ambao kwao neno "masomo" lenyewe huwapotosha wazazi. Mzazi hupokea karatasi za mazoezi zilizotumwa kwa darasa zima, anamketisha mtoto mbele yake, mtoto anapiga kelele, na baada ya siku kadhaa wote wawili wameichukia kazi hiyo. Mara nyingi mtoto hakatai kujifunza. Anachokataa ni mambo mawili kuchanganywa, kwa kuwa kwake nyumbani ni mahali pa kula na kulala, shule ni mahali pa kazi, na mama si mwalimu. Mpangilio huo lazima ujengwe upya, taratibu, kwa vitu anavyoweza kuviona.

Kinachosaidia kuliko vyote ni ratiba ya picha. Mzazi apige picha za vitu halisi vya nyumbani mwake, mswaki wa mtoto, kikombe chake, daftari lake, mkeka wa kukalia, azichapishe au azichore, kisha azibandike ukutani kwa mfuatano wa siku. Jambo likiisha, picha yake hung'olewa na kuwekwa ndani ya bahasha. Mtoto asiyefahamu saa sasa anauona muda ukipita. Kwa anayeshindwa kufuata picha nyingi, mbili zinatosha: kwanza daftari, kisha bembea. Mkeka mmoja utengwe kwa kujifunzia na usitumike kwa kazi nyingine, ili mtoto akiuona ajue kinachofuata. Vipindi viwe vifupi mno mwanzoni, dakika mbili au tatu, vikome wakati mtoto bado ametulia, na si pale anapoanza kulia, kwa maana tukikomesha kazi kila anapolia tunamfundisha kwamba kilio ndiyo njia ya kuikomesha. Darasa la mtandaoni lenye nyuso nyingi na sauti zinazoingiliana linaweza kumuumiza kabisa mtoto ambaye masikio yake hayavumilii makelele. Asilazimishwe kuhudhuria ili tu aonekane amehudhuria.

Na ajifunze nini? Hapa mtaala wa Kenya wa umilisi una jibu ambalo wazazi wengi hawajaelezwa. Kwa wanafunzi wasioweza kuufuata mtaala wa kawaida, ipo njia inayopangwa kwa hatua badala ya gredi, kuanzia hatua ya msingi hadi ile ya ufundi, na katika hatua za mwanzo kujitunza, kuwasiliana na kuishi na watu ni masomo yenyewe. Kufunga vifungo vya shati ni somo. Kupanga nyanya mafungu ya tano tano kwenye kibanda cha mama ni hesabu. Kuanika nguo kwa kuzitenga, za baba huku na za mtoto kule, ni kazi ya kuainisha ambayo mwalimu angeifanya kwa vipande vya plastiki vyenye rangi. Hii haimaanishi kwamba kumtuma mtoto kazi za nyumbani siku nzima kunatosha kuitwa elimu, na ni lazima niliseme hili waziwazi kwa sababu wapo watoto wenye ulemavu wa akili waliogeuzwa watumishi wa nyumba. Kazi huwa somo pale inapochaguliwa kwa lengo moja, ikarudiwa kwa namna ileile kila siku, na mtu akaangalia kama mtoto amesogea mbele.

Tuchukue shati. Kazi hiyo ina hatua nyingi kuliko mtu mzima anavyokumbuka: kulitambua shati mbele na nyuma, kuingiza mkono wa kwanza, kulizungusha mgongoni, kuingiza wa pili, kusawazisha pindo mbili, kisha vifungo. Walimu wa elimu maalumu mara nyingi huanzia mwisho. Mzazi hufanya kila kitu hadi kifungo cha mwisho, naye mtoto hukisukuma kipite tunduni na kusifiwa kwa kumaliza kuvaa. Akishakimudu, mzazi humwachia viwili vya mwisho, na kuendelea hivyo kurudi nyuma. Faida yake ni kwamba kila siku mtoto humaliza kwa kufaulu, hata siku ile ya kwanza. Wakati huohuo mzazi apime msaada anaoutoa: je, alimshika mkono, alimwonyesha kwa kidole, alimwambia kwa neno, au mtoto alifanya peke yake? Mtoto aliyehitaji kushikwa mkono mwezi uliopita na leo anahitaji neno tu amepiga hatua kubwa, ingawa kwa macho ya jirani shati ni lilelile. Bila kuandika jambo hili mzazi hataliona, atakata tamaa, na mwalimu hatakuwa na pa kuanzia.

Kundi moja hukosa msaada kwa kuwa halina alama ya nje: watoto wenye disleksia, wanaozungumza vizuri na kufikiri vizuri lakini maandishi huwashinda. Kiswahili huwahurumia kidogo, kwa sababu herufi zake hutamkwa karibu vilevile kila mahali na maneno hugawanyika kwa silabi wazi, hivyo mtoto huyu mara nyingi husoma sawasawa ila kwa mwendo wa taabu. Kiingereza, ambacho huwa lugha ya kufundishia kutoka Gredi ya 4 nchini Kenya na kutoka sekondari katika shule nyingi za Tanzania, humfichua. Mtoto wa namna hii anaposoma nyumbani kwa kutumiwa kurasa baada ya kurasa huonekana mvivu. Mzazi amsomee maswali ya sayansi kwa sauti na ayapokee majibu kwa mdomo au kwa sauti iliyorekodiwa, ili ijulikane anachojua kuhusu sayansi, kisha kusoma kwenyewe kufanyiwe mazoezi peke yake kwa dakika chache kila siku, kwa silabi na kwa maneno mafupi aliyokwisha kuyazoea.

Haya yote hayawezekani bila mwalimu. Mahali ambapo masomo ya nyumbani yalikwenda vizuri, mwalimu alikuwa akimfundisha mzazi, na mzazi akawa mkono wake. Kabla ya kuondoka shuleni mzazi aombe kuonyeshwa, si kuambiwa tu, mambo mawili au matatu ambayo mtoto anayafanyia kazi sasa, na kama upo mpango wa elimu wa mtoto binafsi apewe nakala. Simu moja ya sauti kwa wiki kati ya mwalimu na mzazi ina thamani kuliko karatasi ishirini zilizotumwa kwa kundi. Mzazi naye amtumie mwalimu video fupi ya mtoto akifanya kazi mwenyewe, hata akikosea, kwa sababu daftari lililojaa majibu sahihi yaliyoandikwa na dada yake halimwambii mwalimu kitu. Video hizo zitumwe kwa mwalimu peke yake. Mtoto anayejifunza kuoga au kuvaa ana heshima yake, na kundi la WhatsApp la wazazi si mahali pa picha hizo.

Mzazi ambaye mtoto wake hajawahi kupimwa aanzie hapo. Kenya ina vituo vya upimaji na nyenzo za elimu vilivyoanzishwa tangu mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, iliyoko Kasarani, Nairobi, ina kituo chake. Tanzania ina walimu waliosomea elimu maalumu, wengi wao katika chuo cha Patandi mkoani Arusha, na ofisi ya elimu ya wilaya ndiyo inayopaswa kumwelekeza mzazi alipo mwalimu wa namna hiyo.

Lazima pia tuseme ukweli kuhusu uzito wa kazi hii, kwa maana ushauri usioujali uzito huo ni mateso mapya. Katika nyumba nyingi ipo simu moja, nayo huondoka asubuhi na baba au iko sokoni na mama. Anayebaki na mtoto ni bibi, au dada wa miaka kumi na miwili ambaye naye ana masomo yake. Shule ya bweni ilikuwa ikimpa mtoto huyu chakula, dawa za kifafa kwa saa zake na mazoezi ya viungo, na siku ilipofungwa vyote vilihamia kwa mtu mmoja asiye na mafunzo wala mshahara. Mzazi wa namna hiyo achague lengo moja au mawili na ayaache mengine bila kujilaumu. Dawa zitangulie. Dada asaidie kwa muda unaojulikana, kisha aachwe asome. Baba asihesabu kwamba amemaliza wajibu wake kwa kununua bando.

Na yapo mambo ambayo mzazi hapaswi kubebeshwa hata kidogo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unaitaja elimu katika ibara ya 24 kuwa haki inayodaiwa kwa serikali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inaitaka serikali iendeleze lugha ya ishara na nukta nundu, na mwaka 2017 nchi hiyo ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh unaoruhusu vitabu kugeuzwa katika maumbo yanayosomeka kwa wasioona bila kizuizi cha hakimiliki. Kitabu cha kiada kisichopatikana kwa nukta nundu au kwa sauti si upungufu wa mama aliyeko Kilifi au Kakamega. Vilevile masomo ya nyumbani yasigeuke kuwa jibu rahisi kwa shule isiyotaka kumpokea mtoto: mzazi akiambiwa kwamba mwanawe "atafaa zaidi kusomea nyumbani" wakati shule za wenzake zimefunguliwa, aombe maelezo hayo kwa maandishi na ayapeleke ofisi ya elimu.

Shule zinapofunguliwa, darasa hurudi kwenye ukurasa lilipoachia, na mtoto mwenye mahitaji maalumu mara nyingi hurudi akiwa mahali pengine kabisa: amesahau baadhi ya mambo, na amejifunza mengine ambayo shule haiyajui. Mzazi aende na mtoto siku ya kwanza akiwa na daftari lake la kumbukumbu. Ndani yake kuwe na ishara mpya zilizozoeleka nyumbani, picha za ratiba iliyotumika, kiwango cha msaada ambao mtoto anauhitaji kwa kila kazi, jina na kipimo cha dawa zilizobadilishwa, na jambo lolote lililokuwa likimfadhaisha. Amwombe mwalimu asome daftari hilo kabla ya kumpa mtoto jaribio lolote, na wapange pale pale tarehe ya kukutana tena ili mpango wa elimu wa mtoto uandikwe upya kwa kuanzia hapo alipofika.